Maswali ya Wasomaji: Mafunzo Endelevu ya Maafisa Ustawi wa Jamii na Washauri Nasaha

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu ambao kazi yao ni kuwasikiliza wengine: maafisa ustawi wa jamii, washauri nasaha na walezi wa vituo vya watoto. Wote wanauliza, kila mmoja kwa namna yake, watajiendelezaje baada ya kuhitimu. Tumechagua barua nne na kuyahifadhi majina ya waandishi, kama walivyoomba.

Swali: Niendelee na semina au nirudi chuoni?

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja mkoani Kigoma, na elimu yangu ni stashahada. Tangu niajiriwe nimehudhuria semina za ulinzi wa mtoto, za ukatili wa kijinsia, za malezi, za VVU na nyingine nyingi, hata vyeti vimejaa faili zima. Hata hivyo, ninaporudi ofisini na kukutana na mama aliyepigwa au mtoto aliyetoroka kwao, najikuta nafanya kazi kwa namna ileile niliyoanza nayo. Mkuu wangu wa idara ananishauri nikasome shahada. Je, niachane na semina, au tatizo ni langu mimi?

Jibu

Marahaba mwanangu. Tatizo si lako peke yako, na umefanya vyema kulitaja waziwazi, kwa sababu watumishi wengi wanalihisi na wanaliona aibu. Semina ya siku tatu au tano, yenye mada nyingi na mkufunzi ambaye hamtaonana tena, humwongezea mtu taarifa. Ni mara chache inapombadilishia namna ya kuzungumza na mteja, kwa maana hilo ni jambo la mazoea, na mazoea hayabadiliki bila mtu mwingine kukuona ukiwa kazini na kukueleza alichokiona.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2004 William Miller, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha New Mexico nchini Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti uliowahusu wataalamu 140 wa tiba ya uraibu waliokuwa wakijifunza usaili wa kuhamasisha, yaani mtindo wa mazungumzo unaomsaidia mteja azitambue yeye mwenyewe sababu zake za kubadilika. Wapo waliohudhuria warsha tu. Wengine, baada ya warsha, walipewa mrejesho kutokana na mazungumzo yao na wateja yaliyorekodiwa, au mwelekezi wa kuzungumza nao kwa simu, au vyote viwili. Waliopata mrejesho au mwelekezi waliongeza umahiri kuliko walioishia kwenye warsha. Lakini matokeo ambayo ningependa kila mratibu wa mafunzo ayajue ni haya: wataalamu walivyojitathmini wenyewe kuhusu umahiri wao hakukuwa na uhusiano na umahiri ulioonekana katika kazi yao halisi. Mtu anaweza kutoka kwenye ukumbi wa semina akiamini kwa dhati kwamba ameiva, na mteja wake asione tofauti yoyote.

Tunao mfano wa karibu zaidi. Katika Moshi nchini Tanzania na Bungoma nchini Kenya ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha watoto 640 waliofiwa na mzazi au wazazi na waliokuwa na dalili za kiwewe. Waliowahudumia hawakuwa wanasaikolojia, bali watu wa kawaida wa maeneo hayohayo waliofundishwa tiba ya mazungumzo kwa vikundi. Huduma ilipokamilika, watoto hao walikuwa wamepata nafuu kubwa kuliko wale waliopata huduma za kawaida, katika maeneo matatu kati ya manne yaliyochunguzwa. Kilichowawezesha wahudumu hao ni kwamba mafunzo yao ya awali yalifuatiwa na usimamizi wa kila wiki: kila mmoja alieleza kilichotokea katika kikao chake, na msimamizi mwenye uzoefu zaidi akamwelekeza kabla hajaingia katika kikao kilichofuata. Mafunzo ya wasaidizi wa ustawi wa jamii ngazi ya kijiji, yaliyoanzishwa na Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam pamoja na washirika wake, nayo yalipangwa kwa mawazo hayo, ili mtu asome, akafanye kazi kijijini kwake akiwa chini ya uangalizi, kisha arudi darasani akiwa na maswali yaliyotokana na kazi.

Kwa hiyo usiache semina, ila anza kuzichagua. Chukua daftari lako la mashauri la mwaka mzima na uhesabu. Ukikuta kwamba sehemu kubwa ni migogoro ya matunzo ya watoto, basi mahitaji yako ya kwanza ni usuluhishi wa familia pamoja na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na semina ya lishe inaweza kumfaa zaidi mwenzako. Ukikuta ni ukatili, kumbuka kwamba uchunguzi wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa wasichana takriban 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 nchini Tanzania walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wa watoto hao, kama wataongea kabisa, wataongea mara moja tu, na jinsi mtu wa kwanza atakavyolipokea neno lao itaamua kama wataendelea. Kumpokea mtoto wa namna hiyo hufundishwa kwa kuigiza mazungumzo yenyewe, sentensi kwa sentensi, na mkufunzi akikusahihisha. Slaidi peke yake haiwezi.

Kabla ya kujiandikisha muulize mwandaaji: baada ya siku hizi, ni nani atakayefuatilia kazi yangu, na kwa muda gani? Akiwa na jibu, hiyo ndiyo semina ya kuitafuta. Simlaumu mtumishi ambaye posho ya semina humsaidia kulipa ada ya mtoto. Lakini mratibu anayepanga orodha ya washiriki kwa zamu, ili kila mtu apate safari, bila kutazama nani anahudumia nini, anawanyima wateja haki yao.

Kuna eneo moja ambalo hata kikao kifupi cha kutoa taarifa kina thamani kubwa, nalo ni sheria. Mwaka 2019 sheria ya Tanzania ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ilirekebishwa, na umri wa kijana kuridhia mwenyewe kupimwa VVU ukashuka kutoka miaka 18 hadi 15. Mshauri aliyehitimu kabla ya hapo, na ambaye hakujulishwa, atakuwa bado anamrudisha kijana wa miaka 16 nyumbani akamlete mzazi, na pengine kijana huyo asirudi tena.

Kuhusu shahada, ishauri nafsi yako kwa sababu zilizo sahihi. Shahada itakupandisha katika muundo wa utumishi na itakupa misingi ambayo stashahada iligusa juujuu, na ukitaka kusoma bila kuacha kazi, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani. Ninakuunga mkono kabisa ukiamua hivyo. Ila usiitarajie ikutatulie tatizo ulilonieleza, maana hilo halitokani na upungufu wa masomo. Linatokana na kufanya kazi miaka yote hiyo bila mtu aliyewahi kuketi kando yako na kukutazama unavyomsikiliza mteja.

Swali: Kozi za mtandaoni zina thamani?

Mimi ni mshauri nasaha mjini Mombasa. Kila siku naona matangazo ya kozi za ushauri nasaha mtandaoni, nyingine bure, nyingine kwa ada kubwa, na zote zinaahidi cheti cha kimataifa. Nitajuaje ipi inafaa?

Jibu

Anza na chombo kinachokusimamia. Nchini Kenya, Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kusajili na kutoa leseni, na ni bodi hiyo inayoweza kukuambia kama kozi fulani itahesabiwa. Neno «kimataifa» katika tangazo halikupi haki yoyote ya kutoa huduma Mombasa. Uliza kabla ya kulipa, na uulize kwa maandishi ili jibu nalo libaki katika maandishi.

Ukishapata jibu hilo, tazama kama kozi ina mazoezi ya ana kwa ana au ya moja kwa moja kwa video, ambapo mkufunzi anakusikia ukizungumza. Kozi ambayo kazi yako ni kutazama video na kuchagua jibu a, b au c inafaa kwa maadili, sheria, dawa na dalili za magonjwa. Haifai kwa stadi za kumhudumia mtu aliyefiwa jana.

Usidharau vya bure. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 mwongozo wa huduma fupi ya kisaikolojia inayojulikana kwa Kiingereza kama Problem Management Plus, yenye vikao vitano, na kila mtu anaweza kuupata bila malipo. Huduma hiyo ilijaribiwa Nairobi kwa wanawake 421, ambao wengi wao walikuwa wamepitia ukatili wa kijinsia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliohudumiwa walipungukiwa na msongo kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Soma mwongozo huo, kisha utafute mtu aliyefundishwa kuutumia akusimamie katika wateja wako wa kwanza.

Swali: Saa 36 za New York

Mwalimu, nakusalimu kutoka Bronx. Nilizaliwa Tanga, nimesomea ustawi wa jamii hapa Marekani hadi shahada ya uzamili, na nina leseni ya jimbo la New York. Wateja wangu wengi ni wakimbizi na wahamiaji, baadhi yao wanazungumza Kiswahili. Nimelipia kozi kadhaa mtandaoni, kisha nikaambiwa hazihesabiki. Sasa nimechanganyikiwa.

Jibu

Pole dada, umepata hasara ambayo wengi wameipata. New York inamtaka mwenye leseni kama yako akamilishe saa 36 za mafunzo endelevu katika kila kipindi cha usajili cha miaka mitatu, utaratibu ulioanza Januari 2015. Mwenye leseni mpya husamehewa katika kipindi chake cha kwanza cha usajili, kwa hiyo angalia kwanza kama wewe umeshatoka humo. Kinachowakwamisha wengi ni kwamba mtoaji wa mafunzo lazima awe ameidhinishwa na Idara ya Elimu ya Jimbo la New York yenyewe. Upo utaratibu wa uidhinishaji wa ASWB, muungano wa bodi za ustawi wa jamii za Amerika ya Kaskazini, na majimbo mengi huukubali, lakini kwa New York huo peke yake hautoshi. Tangazo likisema «inakubalika majimbo mengi», tafuta jina la mtoaji huyo katika orodha ya Idara kabla ya kutoa kadi yako ya benki.

Saa za kujisomea mwenyewe bila mwalimu zisizidi theluthi moja, yaani 12. Tangu Aprili 2023 kuna pia saa 3 za lazima kuhusu mipaka ya kitaalamu kati ya mhudumu na mteja. Tunza vyeti vyako mahali salama kwa miaka sita. Na kama una mpango wa kuhama, usidhani kanuni hizi utazikuta kwingine: California, kwa mfano, inadai saa 36 katika miaka miwili, na Minnesota saa 40 katika miaka miwili.

Hizo saa 3 za mipaka ningekuomba usizichukue kama kodi ya kulipa ili uachwe. Jamii ya Waswahili ughaibuni ni ndogo. Mteja wako wa Jumanne utamkuta Jumamosi kwenye harusi, mama yake atakuita mwanangu, na ukikataa sahani ya pilau utaonekana una kiburi. Kozi nyingi zitakupa kanuni zilizoandikwa kwa mhudumu ambaye hakutani kamwe na mteja wake nje ya ofisi, na kazi yako darasani ni kumwekea mkufunzi hali yako halisi na kumwomba mlijadili. Wengi wenye uzoefu huzungumza na mteja jambo hili katika kikao cha kwanza kabisa: tukikutana msikitini, kanisani au sokoni, nitakusalimu kama ninavyowasalimu wengine wote, na sitataja habari zako, hata kwa mama yako. Mteja akiyasikia hayo mapema hatayachukua kama dharau siku yatakapotokea.

Zitafute pia kozi za kufanya kazi na wakalimani, hata kama wewe mwenyewe unazungumza lugha ya mteja. Mkimbizi aliyetoka Kivu ya Kusini anaweza kukuelewa vizuri kwa Kiswahili na bado akahitaji Kibembe au Kifuliiru pale anapofika kwenye jambo linalouma zaidi.

Swali: Hatuna mtaalamu wala bajeti

Naongoza kituo kidogo jijini Mwanza kinachohudumia watoto waliokuwa wakiishi mitaani. Nina walezi wachache na wahudumu wa kujitolea. Fedha za kuwapeleka mafunzoni hatuna. Nilijaribu kuanzisha vikao vya kujadili mashauri, vikageuka kuwa vikao vya lawama, na watu wakaanza kutoa udhuru. Tufanye nini?

Jibu

Ndugu yangu, wazo lako ni zuri kuliko semina nyingi ninazozijua, na usiliache. Tatizo linaonekana kuwa liko katika jinsi vikao vilivyoendeshwa, na pengine katika nani aliyeviendesha.

Wewe ndiye unayetia saini mikataba na kuamua nani anabaki. Mlezi atawezaje kusema mbele yako kwamba jana alimpandishia mtoto sauti na hajui afanyeje leo? Ukitaka aseme, kikao kiongozwe na mtu mwingine, na yanayosemwa humo yasiingie katika tathmini ya utumishi wake. Wasiliana na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, au muuguzi wa afya ya akili, au mkufunzi wa chuo, umwombe awaongoze mara moja kwa mwezi, hata kwa simu iliyowekwa mezani. Katika wiki ambazo hayupo, walezi wapokezane uongozi wao kwa wao.

Kikao kiwe na siku yake isiyohamishwa na kisizidi saa moja na nusu. Kijadili shauri moja. Mwenye shauri aeleze kwa muda mfupi bila kutaja jina la mtoto, kisha aseme anataka asaidiwe nini, kwa mfano: «Mtoto huyu ananyamaza kila ninapotaja nyumbani kwao, nami sijui niendelee kuuliza au niache.» Wenzake kwanza wamuulize maswali ya kuelewa tu. Ushauri usubiri, kwa sababu mara nyingi lawama huingia kwa kuvaa nguo ya ushauri: «Mimi ningekuwa wewe...» Baada ya maswali, waigize mazungumzo hayo. Mmoja awe mtoto, mwenye shauri awe yeye mwenyewe, wajaribu namna mbili au tatu za kusema sentensi ileile, na anayeigiza mtoto aeleze ni ipi iliyomfanya atake kuongea. Hapo ndipo watu hujifunza, na hapagharimu chochote. Mwishoni mwenye shauri achague jambo moja atakalolijaribu, na kikao kijacho kianze kwa kumsikiliza limeendaje. Ukiiruka hatua hii ya mwisho, vikao vitafifia baada ya miezi michache, kwa sababu hakuna atakayeona vinazaa nini.

Msijadili mashauri kwenye kundi la WhatsApp, na msitumiane humo picha za fomu au za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu ninyi pia, lakini hata isingekuwepo, mtoto aliyekimbia nyumbani kwa kupigwa anaweza kupatikana na aliyempiga kupitia picha moja iliyosambazwa kwa nia njema.

Watengee walezi nafasi ya kuzungumza juu ya hali zao wenyewe. Kuwasikiliza watoto waliodhulumiwa, siku baada ya siku, huwafanya baadhi ya wahudumu waote ndoto mbaya, wakose usingizi, au wawe wakali kwa watoto wao nyumbani. Wataalamu wameandika kuhusu hali hii kwa miongo kadhaa, na mwaka 2021 chama cha wafanyakazi wa ustawi wa jamii cha Marekani kiliingiza suala la mhudumu kujitunza katika kanuni zake za maadili. Mlezi mwenye dalili hizo apunguziwe mashauri mazito kwa muda na aelekezwe kwa mtaalamu, bila jambo hilo kuhesabiwa kuwa udhaifu wake.

Mkipata fedha kidogo, msizimalize kwa mafunzo ya wiki nzima mara moja kwa mwaka. Mwalikeni mtaalamu kwa nusu siku, kila baada ya mwezi au miezi miwili, afundishe jambo moja lililojitokeza katika vikao vyenu, na abaki alasiri awatazame mkifanya kazi.

Kuna hali moja ambayo haisubiri kikao. Ikiwa mtoto amesema, au mlezi ameona, kwamba kuna mtu anayemdhuru sasa, awe ndani ya kituo au nje, taarifa itolewe siku hiyohiyo kwa afisa ustawi wa jamii, au kwa dawati la jinsia na watoto la polisi, au kwa simu ya huduma kwa mtoto nambari 116, ambayo hailipiwi. Kikao kitakachofuata kijadili namna ya kumsaidia mtoto huyo aendelee kuwaamini baada ya taarifa kutolewa, kwa sababu huenda akawaona mmemsaliti, na mlezi aliyeambiwa siri hiyo atahitaji wenzake kando yake atakaporudi kuketi naye.